MOTOKARI IKILIA UNAPOKANYAGA MAFUTA, ISIKILIZWE. NA SHOFERE NAYE ASIKILIZWE



Ukurasa huu umezoea kusema juu ya kofia ya kazi, viatu vya usalama, malaria na maji safi. Leo tutasema juu ya kelele ya motokari. Pengine mmoja wenu atauliza: "Huyu wa dispanseri anatafuta nini ndani ya kapo? Mambo ya garaji ni ya garaji." Jibu ni hili: kila motokari ya kazi imebeba watu. Ikivunjika njiani, garaji inapokea chuma, lakini dispanseri inapokea watu. Ndiyo sababu nina neno la kusema.

Na neno lenyewe ni moja. Sauti ngeni inayotokea wakati shofere anakanyaga mafuta ni sawa na maumivu ya mgonjwa. Haifai kuifunika, haifai kuizoea, na yule anayeleta habari yake haifai kumcheka. Aulizwe maswali, maneno yake yaandikwe, na motokari ipimwe mbele ya kupewa mzigo tena.

Kwa nini inalia wakati huo?

Mtu ambaye moyo wake unaanza kuchoka, akikaa kwenye kiti hasikii kitu. Mwambie apande mlima, utamwona anahema. Motokari ni vilevile. Ikisimama na mashini inazunguka polepole, kila kitu kinaonekana kizima. Lakini ukikanyaga mafuta, mashini inavuta kwa nguvu: mafuta mengi yanaungua, moshi unatoka kwa msukumo mkubwa, mikanda inakazwa, kardani inasokotwa, meno ya viteshe yanabanana, na mashini yenyewe inataka kuruka kutoka mahali ilipofungwa. Kipande chochote kilichochoka kitalia saa ile. Basi kelele ya kukanyaga mafuta mara nyingi ni ishara ya mapema: kipande kinasema mbele ya kuvunjika.

Na hapa kwetu Katanga vipande vinachoka upesi. Njia za mgodi zina mawe na mashimo. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi linaingia kila mahali. Wakati wa mvua, matope na maji vinafika kwenye rulema na kwenye mikanda. Tena motokari nyingi za watu binafsi zimefika hapa zikiwa zimekwisha kutumika miaka mingi katika inchi zingine. Shofere wa hapa anahitaji sikio kali.

Maswali ya dispanseri ni maswali ya garaji

Mgonjwa akisema tu "mwili unaniuma", hatuwezi kumpa dawa. Tunamwuliza: wapi? tangu lini? asubuhi ao usiku? unazidi kuuma ukifanya nini? Vilevile shofere akisema tu "motokari inalia", fundi hana njia ya kuanzia. Ajiulize maswali haya kwanza, na majibu ayaandike katika kitabu cha motokari:

1. Inalia namna gani? Inapiga "ko!" mara moja, inagonga "ka-ka-ka", inavuma, inapiga filimbi, ao inalia kama panya?

2. Inalia lini? Asubuhi mashini ikiwa baridi, ao kisha ya kupata moto? Kila siku, ao siku ya mvua tu?

3. Inatoka wapi? Mbele, chini ya miguu, nyuma, upande wa gurudumu gani?

4. Inalia motokari ikiwa tupu, ao ikiwa na mzigo? Kwenye mlima, ao hata kwenye tambarare?

5. Ukipiga kona, sauti inabadilika?

6. Ukiacha kukanyaga mafuta, inanyamaza papo hapo, ao inaendelea?

7. Kuna ishara ingine pamoja nayo: harufu, moshi, kutetemeka, nguvu kupungua, taa nyekundu mbele ya shofere?

8. Ni kazi gani iliyofanywa juu ya motokari siku zilizopita? Mara nyingi kelele inaanza kisha ya kutengeneza kitu kingine, sababu buloni moja haikukazwa.

Kuna majaribio mawili mepesi yanayosaidia. La kwanza: mahali pa wazi, motokari imesimama, freni ya mkono imevutwa, viteshe haikuingizwa, kanyaga mafuta kidogo. Kelele ikisikika, tafuta upande wa mashini na vitu vyake: mikanda, bomba la moshi, turbo. Isiposikika hapo, na inasikika tu wakati wa mwendo, tafuta zaidi upande wa ambreyaje, viteshe, kardani, ponti na magurudumu. Lakini kuna magonjwa ya mashini yanayojificha mpaka ipate mzigo. Basi jaribio hili linaonyesha njia tu, halimalizi maneno.

La pili: kwenye njia tambarare isiyo na watu, motokari ikiwa katika mwendo, ondoa mguu polepole juu ya mafuta bila kutoa viteshe. Kelele ikinyamaza mara moja, shaka iko kwenye vipande vinavyobeba nguvu ya mashini. Ikiendelea na kupungua pole pole pamoja na mwendo wa magurudumu, shaka iko kwenye rulema ao matairi. Usifanye jaribio hili kwenye mteremko, na usitelemke hata siku moja viteshe ikiwa imetolewa. Hapo mashini haisaidii freni tena, na freni peke yake inapata moto mpaka inakataa kazi.

Sauti na ugonjwa wake

Mlio mkali kama wa panya, hasa asubuhi ao kisha ya mvua: mkanda umelegea, umechakaa ao umelowa. Ukilia siku mbili tatu, uangaliwe. Mkanda ndio unaozungusha kinachojaza betri, na kwa motokari nyingi pompi ya maji pia. Ukikatika, mashini inapanda moto katikati ya njia.

"Pa-pa-pa" ao "fu-fu-fu" inayozidi kwa kadiri unavyokanyaga: bomba la moshi limepasuka, ao maungio yake yameungua. Mara nyingi inasikika sana mashini ikiwa baridi. Kisha chuma kikipata moto kinapanuka na kufunga mwanya kidogo. Shofere anafikiri imepona. Haijapona. Juu ya kelele hii nitasema zaidi chini.

"Ka-ka-ka" kavu ya chuma unapopanda mlima, kwa motokari ya esanse: mafuta yanaungua vibaya ndani ya silinda, kwa sababu esanse ni mbaya, ao moto unawaka mbele ya saa yake, ao mashini ina moto kupita kiasi. Ikiachwa, inaweza kuharibu pistoni. Motokari ya mazuti inagonga kwa tabia yake, lakini ikianza kugonga kuliko jana, fundi aangalie.

"Ko!" moja unapoondoka ao unapobadilisha viteshe: viungo vya kardani vimelegea, ao mipira inayoshika mashini imekufa. Kama "ko" inafuatwa na kutetemeka chini ya sakafu, usiendelee. Kardani ikikatika inapozunguka, inaweza kupiga tanki ao mabomba ya freni. Na kama ni kwenye mteremko, mashini haishiki tena magurudumu.

"Ka-ka-ka" ukipiga kona huku umekanyaga mafuta, kwa motokari inayovutwa na magurudumu ya mbele: kiungo cha kardani ndogo ya gurudumu kimekwisha. Mpira wake ulipasuka, grisi ikatoka, vumbi likaingia.

Kuvuma "wuuu" kunakobadilika ukikanyaga na ukiacha: meno ya ponti, mafuta yake yapimwe upesi. Kuvuma kunakofuata mwendo tu, na kubadilika ukipiga kona: rulema ya gurudumu.

Filimbi pamoja na moshi mweusi na nguvu kupungua: mpira wa hewa wa turbo umepasuka, ao turbo yenyewe inaugua.

Mashini inapaza sauti lakini motokari haiongezi mwendo: ambreyaje inateleza. Usipande nayo mlima ukiwa umebeba watu.

Orodha hii haimfanyi shofere kuwa fundi, sawa vile mama anayejua kugusa paji la mtoto hawi munganga. Fundi ndiye anayekata maneno. Mwaka 1816 munganga Mfaransa René Laennec alikunja karatasi kama bomba, akaiweka juu ya kifua cha mgonjwa, akasikia moyo vizuri kuliko kwa sikio tupu. Ndiyo mwanzo wa stetoskopi tunayovaa shingoni. Fundi anayeweka ncha ya turnevisi ndefu juu ya mashini, na mkono wake kwenye sikio, anafanya kazi ileile. Ila afunge vifungo vya nguo yake, na awe mbali na mkanda na feni. Lakini Laennec na fundi wote wawili wanahitaji kwanza mgonjwa aseme panapouma.

Kelele inayoingia katika damu

Sasa turudi kwenye "pa-pa-pa" ya bomba la moshi. Nilipokea shofere mmoja wa kamyo aliyelalamika kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu. Alifikiri ni malaria. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikamwuliza:

"Siku ya mapumziko kichwa kinauma?"

"Hapana, munganga. Siku ile niko muzima."

"Na mwenzako mnayekaa naye katika kabini?"

"Naye kinamwuma."

"Motokari yenu iko namna gani?"

Akacheka kidogo: "Ile inapiga pa-pa-pa chini ya miguu nikikanyaga mafuta kwenye mlima. Tumeizoea."

Fundi alipoangalia, alikuta maungio ya bomba yameungua, na juu yake, katika sakafu ya kabini, tundu lililozibwa kwa kitambaa. Bomba likafungwa upya, tundu likazibwa kwa bati. Wale watu wawili hawakurudi tena kuomba vidonge vya kichwa.

Ndugu, ndani ya moshi wa mashini kuna hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Mtu akiivuta, inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi ya oksijeni, na damu inakosa nafasi ya kubeba uzima. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, akili kuchanganyika. Mwishoni usingizi na kifo. Mashini ya esanse inaitoa nyingi kuliko ya mazuti, lakini ya mazuti nayo si ya kuchezea: tangu mwaka 2012 moshi wake umeandikwa na shirika la kimataifa la utafiti wa kansa kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu.

Wenzangu wa dispanseri wajue pia jambo hili: kile kipimo kidogo cha kidole kinachoonyesha oksijeni kinaweza kudanganywa na sumu hii. Kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati mgonjwa anazidiwa. Hapo maswali ni bora kuliko chombo. Dawa ya kwanza ni kumtoa mtu hewani, kisha oksijeni. Kwa hewa ya kawaida damu inahitaji saa 4 ao 5 kutoa nusu ya sumu. Kwa oksijeni safi, karibu saa moja na nusu tu. Anayezimia ao kuchanganyikiwa apelekwe hospitali bila kungoja.

Na nyumbani ni vilevile. Usiwashe motokari ndani ya garaji iliyofungwa. Ukiendesha jamaa yako katika motokari ya zamani, na watoto wanalala wote nyuma kwa namna isiyo ya kawaida, simama, fungua milango, watoke.

Kwa nini shofere ananyamaza?

Hapa ndipo penye maneno yangu hasa. Mashofere wetu si viziwi. Wengi wanasikia kelele siku ya kwanza. Lakini wananyamaza. Mmoja anaogopa kwamba motokari ikilala garaji, ataandikwa kwamba hakufanya kazi. Mwingine alikwisha kusema mara mbili, na kapita akamjibu: "Itafika tu, nenda." Mwingine anaogopa kuitwa mvivu, ao kuulizwa kama ni yeye aliyeiharibu. Basi anapandisha sauti ya radio. Kupandisha radio juu ya kelele ni kama kumeza kidonge cha maumivu juu ya tumbo linalohitaji kupasuliwa: maumivu yanapungua, ugonjwa unakua.

Najua wakubwa wa kazi watasema: "Kama kila kelele inasimamisha kamyo, nani atapandisha madini?" Ni neno la haki, na lina jibu. Dispanseri nayo haiwezi kulaza kila mtu anayekohoa. Tunawagawa wagonjwa, na kelele zigawanywe vilevile.

Ya kusimama papo hapo: kelele pamoja na freni ao usukani kubadilika, kardani inayogonga na kutetemeka, harufu ya moshi ao kichwa kuuma ndani ya kabini, taa nyekundu ya mafuta ya mashini ao ya moto.

Ya kupimwa mwisho wa zamu: ambreyaje inayoanza kuteleza, kuvuma kwa rulema, kugonga kupya kwa mashini, filimbi ya turbo.

Ya kuandikwa na kupangiwa siku ya karibu: mlio mfupi wa mkanda asubuhi, bati linalogonga, na mengine ambayo fundi ameyaona na kusema hayana hatari.

Kwa namna hii kamyo nyingi zitaendelea na kazi, na zile chache zinazosimama zitakuwa zile ambazo zingesimama zenyewe njiani, pengine pamoja na watu wake. Rulema ikibadilishwa kwa wakati wake ni kazi ya saa chache. Ikiachwa mpaka gurudumu litoke, hesabu inakuwa ya namna ingine, na katika hesabu hiyo sisi wa dispanseri tunaandika majina.

Naomba mambo matatu

La kwanza, kitabu cha kila motokari kiwe na mstari wa kelele: shofere anaandika alichosikia, fundi anaandika alichokuta, wote wawili wanatia sahihi. Kelele iliyoandikwa bila jibu isitoke getini.

La pili, shofere anayeripoti asipoteze mshahara wala zamu kwa sababu hiyo. Hata fundi asipokuta kitu, ashukuriwe. Sisi hatumfukuzi mama aliyeleta mtoto mwenye moto mdogo, maana tukimfukuza leo, siku ya moto mkubwa atachelewa.

La tatu, dispanseri na garaji zisemezane. Watu wawili wa motokari moja wakija na kichwa kinachouma, garaji ijue siku ileile. Tena masikio ya mashofere yapimwe. Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kila siku, miaka kwa miaka, inaua sikio pole pole bila kuuma. Alama nyepesi ni hii: kama unalazimika kupaza sauti ili mwenzako wa umbali wa meta moja akusikie, kelele imekwisha kufika kwenye hatari. Na shofere ambaye sikio lake limekufa hatasikia kardani inayokufa.

Ninyi makapita na mashefu wa ekipi, shofere akija kwenu asubuhi na neno la "inalia nikikanyaga mafuta", msimjibu kwanza kwa saa na kwa tani. Mwulizeni: inalia namna gani, tangu lini, upande gani? Maswali hayo hayamalizi hata dakika mbili. Nawe shofere, kesho mbele ya kufungua radio, fungua dirisha, washa mashini, kanyaga mafuta kidogo na usikilize. Ukisikia sauti ambayo jana haikuwako, chukua kalamu uiandike.

Msaidizi wa munganga, dispanseri ya kazi